Kipimo cha Kivuli

Bi Thureya alirudi na kitabu kizito kama tofali
kutoka Lesta kwa bintiye, kule ambako mvua
hunyesha pasi na kuombwa.
Akakifungua juu ya boneti, pale kitaluni kwangu,
baina ya miche ya mipapai
na mifuko ya maziwa yenye mbegu za mwarobaini,
akatia kidole pichani: "Nyamvula, hii.
Naitaka hii, Kizingo."

Hii: nyasi fupi kama ndevu za bwana harusi,
njia ya kokoto inayopinda,
na kando yake safu za zambarau, lavenda,
jina alilolitamka kama anayeonja.
Mwisho wa njia, benchi.
Chini ya benchi, maandishi. Akanifasiria:
Likabili kusini, lipate jua.

Nilicheka ndani, nikakohoa nje.
Mama, jua la hapa halikabiliwi.
Disemba latujia upande wa Likoni,
Juni lahamia upande wa Kisauni,
Machi lasimama utosini
na kukuuliza kofia yako i wapi.
Kule wanapanga bustani kulinasa.
Sisi twapanga kulikimbia.

Lakini mteja ni mteja, na karo ni karo.
Nikachimba. Shubiri moja tu, jembe likalia:
matumbawe.
Nikaagiza udongo mwekundu wa Kaloleni, kanta nzima.
Nikapanda safu tatu.
Maji ya kisima yana chumvi; ya bomba
huja Jumanne usiku, yakikumbuka.
Wiki ya sita lavenda ilikuwa rangi ya ufagio.
Nyasi zilikunywa maboza mawili
zikafa na kiu yao.

Hakunilaumu. Alikaa ngazini
kitabu kifuani, kama mtu aliyerudishiwa posa.
Nikamuuliza: ulipokaa kwenye bustani ya bintiyo,
ulipenda nini hasa?
Hakutaja ua hata moja.
Alisema, njia ilipinda, sikuuona mwisho wake.
Alisema, nikipitisha mkono, harufu.
Kisha, kwa sauti ya chini: dakika kumi
hapana aliyeniita.

Hayo yanapandika.

Nilishinda uani siku nzima na chaki
nikichora ukingo wa kivuli cha mkungu,
adhuhuri mstari, alasiri mstari,
watoto wa jirani wakidhani nachora kiwanja cha kede.
Pale mistari ilipokutana niliweka benchi,
mgongo magharibi.
Njia ilipinda kama ya kitabuni,
ila kokoto ni matumbawe yaleyale yaliyonivunjia jembe,
meupe, yanayotafunika chini ya ndara.
Kando yake mrehani, na ukiuacha utoe mashuke
nao una zambarau yake;
pitisha mkono, buibui litanukia hadi magharibi.
Kwetu ua hunukia na ua huzuia:
mkilua dirishani pa jiko,
mchongoma mpakani. Mbuzi walikuja mara moja.
Maji ya udhu nikayachimbia mfereji
hadi kwenye mizizi. Mara tano kwa siku,
bila kumngoja mwenye bomba.

Bintiye alipiga simu ya picha.
"Mama, mbona hiyo si ile?"
"Si ile," akajibu, "ni binamu yake,"
akazima, akarudi kukaa.

Kitabu amenipa mimi. Sikisomi, naangalia.
Kitaluni, nyuma ya tangi, kuna mkebe wa Kasuku
na shina moja la lavenda nililoling'oa kabla halijafa.
Nalinywesha maji ya mvua tu, nikipata,
na kokoto nyingi chini.
Lina majani manane. Jana yalikuwa saba.
Sijamwambia.